Lubumbashi mpaka Shiwa Ng'andu: tulitumwa kutafuta bustani ya harusi

Tumerudi juzijuzi, vumbi bado liko ndani ya gari, naandika sasa kabla sijasahau, nikifuata kadaftari nilikokuwa nako njiani na foto za kwenye simu.

Habari yenyewe ni hii. Mdogo wangu anaolewa mwakani na kijana Mubemba wa Kasama, Zambia. Familia zote mbili zinataka harusi ifanyikie kwao, sisi Lubumbashi, wao Kasama, wakabishana wee mpaka mtu mmoja upande wao akasema basi tukutane katikati, kuna Shiwa Ng'andu, ile nyumba ya zamani ya Mwingereza kando ya ziwa, ina bustani kubwa na watu wanafungia harusi pale. Katikati! Ukiangalia ramani, wao wa Kasama wanafika asubuhi na kurudi jioni, sisi tuna karibu kilomita 900. Lakini foto zilikuwa nzuri, wamama wa komite wakaanza kulegea. Ndiyo tukatumwa kwenda kuona kwa macho: mimi, papa watoto (mume wangu) ambaye ndiye dereva, na Tantini, presidente wa komite ya ndoa ambaye hakupigiwa kura na mtu.

Tulitaka kuondoka mapema zaidi, ila tarehe 10 mwezi wa 8 Zambia ilifunga mpaka, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa pamoja, ugomvi wa bia na juisi ambazo Kongo ilikataza zisiingie. Zilipita siku chache wakafungua. Tukasubiri kidogo foleni ya makamio (malori) ipungue halafu tukatoka.

Alhamisi, 22 Agosti 2024. Lubumbashi – Kasumbalesa – Ndola

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, peaje, ushuru wa barabara, tukalipa, kufika Kasumbalesa ni kama kilomita 95 na barabara ni nzuri, kilichobaki ni foleni. Makamio yamepanga upande mmoja mpaka huoni mwisho, madereva wamefunga vitanda vya kuning'inia chini ya tela, wengine wanapika, mmoja ananyoa ndevu na kioo cha pembeni cha kamyo yake. Magari madogo yana njia yao, usikubali kijana akuambie lazima umlipe ndiyo upite.

Tulikula masaa matatu pale. Si kwa ubaya wa mtu, ni madirisha mengi. Mama mmoja mchuuzi, mwenye beseni la samaki kichwani na pasipoti mkononi, alituona tunazunguka akasema "bamama, munifwate," akatupitisha dirisha kwa dirisha kama mwenye nyumba, hata beseni hakulishusha. Tantini alitaka kumpa kitu, akakataa, akasema tumwombee tu samaki wasioze. Walitupima joto pia sababu ya mpox, tukanawa mikono, tukasonga.

Kwa watakaopita: ukiwa na gari unahitaji kadi mbili za njano, moja ya chanjo ya homa ya manjano, ya kwako wewe, na nyingine ya asiransi (bima) ya COMESA, ya gari. Afisa akisema "kadi ya njano" muulize ipi. Kuna pia ushuru wa hewa chafu na wa barabara upande wa Zambia, weka dola ndogondogo. Kubadilisha pesa tulipata kwacha 25 kwa dola, Kitwe walikuwa wanatoa 26.

Sasa hapa Kasumbalesa naomba nisimame kidogo, kwa sababu safari yote inakaa juu ya jambo hili. Mpaka wetu na Zambia, upande huu wa Katanga, haukuchorwa kwa rula tu. Unafuata mgongo wa maji: mvua ikinyesha huku inashuka kwenda mto Kongo, ikinyesha kule inaingia Kafue, inakwenda Zambezi mpaka Bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 1911 na 1914 Waingereza na Wabelgiji walituma tume ya pamoja kutembea na kuuwekea alama ardhini. Ndani ya ile tume kulikuwa na ofisa kijana wa Kiingereza, Stewart Gore-Browne. Kazi ilipoisha mwaka 1914 akatembea kuelekea kaskazini, akaliona ziwa Shiwa Ng'andu, akaapa atarudi kujenga pale. Yaani yule mtu aliyesaidia kuweka mpaka unaotupotezea masaa matatu ndiye mwenye bustani tuliyokuwa tunaiendea. Nilipomwambia Tantini akasema, "Sasa hao wa Kasama banataka tuolese mutoto kwa mwenye kutukata?" Papa watoto akawasha redio.

Baada ya mpaka unabadilisha mkono, Zambia wanapita kushoto. Gari yetu usukani uko kushoto, maana yake dereva hawezi kuona mbele ya kamyo anayotaka kuipita, anayekaa kiti cha kulia ndiye macho yake. Hiyo kazi nilipewa mimi. "Iko wazi?" "Hapana." "Sasa?" "Ngoja." Hivyo kwa kilomita mia nane. Tantini alijitolea kunipokea kidogo, dakika kumi tu, akawa anasema "pita" kwa imani.

Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Kitwe shemeji mmoja wa upande wa bwana harusi alitukaribisha kula, umeme hakuna tangu usiku, mwaka huo wa 2024 ukame ulikuwa umekausha mabwawa na Zambia nzima ilikuwa gizani masaa mengi kwa siku. Wakapika nje kwa makaa: bukari (ugali), wao wanaita nshima, ifisashi ya maboga na karanga, kapenta (dagaa) wa kukaanga na nyanya. Na kikanda, ile keki ya mizizi ya okidi na karanga! Tantini alikata kipande, akanusa, akakubali kwa kichwa kwamba hawa watu wanaweza kuolewa nao. Yeye mama yake alikuwa wa huko huko kwa Babemba, anasema Kibemba kama wao, na kwenye safari hii kilitusaidia kuliko dola.

Kati ya Kitwe na Ndola, kabla ya kufika mjini, kuna njia inaingia pembeni kwenda mahali ndege ya Dag Hammarskjöld ilipoanguka usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa anakuja Ndola kuongea na Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na Kongo. Watu 16 walikuwa ndani, wote walikufa. Kwa mtu wa Lubumbashi kupita bila kuingia si heshima. Tuliingia nusu saa. Pametunzwa, miti imepandwa, kimya, mlinzi akatufungulia. Tantini alisimama akasoma majina yote ya kwenye jiwe kwa sauti ndogo, hata yale asiyoweza kuyatamka.

Tukalala Ndola, chumba kwacha 450, maji ya moto ya ndoo.

Ijumaa, 23 Agosti. Ndola – Mpika

Siku ndefu, kama kilomita 550. Ndola mpaka Kapiri Mposhi walikuwa wanajenga barabara ya njia mbili mbili inayotoka Lusaka, kwa hiyo kulikuwa na michepuko ya vumbi jekundu, funga madirisha na uwe mvumilivu. Kapiri unageuka kushoto kuingia ile barabara kuu ya kaskazini inayokwenda mpaka Nakonde na Tanzania. Hapo ndipo reli ya TAZARA inapoanzia, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, Wachina waliijenga miaka ya 70, na kutoka hapo reli na barabara zinakwenda kama ndugu waliokosana, mara karibu, mara huioni.

Mkushi ni mashamba makubwa ya ngano yanamwagiliwa na mabomba ya magurudumu, kijani kabisa wakati kila kitu kingine kimekauka. Serenje tulikula kuku na viazi, kwacha 85 kwa mtu, na kujaza tanki kwacha 1,600 na kitu. Jazeni Serenje. Mbele kuna vituo lakini siku ile kimoja kilikuwa hakina esansi (petroli) na kingine hakikuwa na umeme wa kuvuta.

Kando ya barabara wanauza asali kwenye chupa za maji, viazi vitamu, vinkubala vikavu (viwavi wa kuliwa) kwa kopo. Tantini alishuka, akasalimia "mwapoleni mukwai," akakaa juu ya kigunia na wenye kuuza, ikawa ni kama anarudi kwa watu wake, alipopanda tena gari alikuwa na makopo manne kwa bei ya mawili na habari za ndoa ya binti wa muuzaji.

Serenje mpaka Mpika ndiyo sehemu mbaya. Mashimo. Kamyo zinaacha njia yake kukwepa shimo na kuja kwenye yako, na jua lilikuwa linatuacha. Nilikuwa nimesema kwenye karatasi ya mpango kwamba hatutembei usiku, papa watoto akasema karatasi haiendeshi gari. Kama kilomita 60 kabla ya Mpika tukaingia shimo, pu, tairi ya mbele kulia. Giza. Jeki ikawekwa, udongo pembeni ulikuwa mlaini, jeki badala ya kuinua gari inazama yenyewe.

Kamyo moja ikapita, ikapunguza mwendo, ikasimama mbele na kuanza kurudi nyuma taratibu mpaka taa zake za nyuma zikatumulika. Akashuka kaka mmoja na malapa, Mtanzania.

"Poleni sana. Mmetoka wapi?"

"Lubumbashi."

"Ee, majirani! Mimi natoka Kolwezi na shaba. Shemeji, achana na hiyo jeki kwanza, utachimba kisima."

Akaenda kwenye kamyo akarudi na kipande cha mbao, kinene, kimeliwa katikati na jeki za miaka mingi, pale katikati kuna shimo la mviringo ambalo mguu wa jeki unakaa sawasawa. Akakisukuma chini, akapiga teke kukilaza, dakika kumi na tano tairi ikawa imebadilishwa. Akatuambia Kasumbalesa alilala siku nne. Tukamtolea kwacha 200, akasema hapana, barabarani leo kwako kesho kwangu, akaomba maji ya kunywa tu kama tunayo. Tantini akampa maji na kopo moja la vinkubala. Aliangalia ndani ya kopo kwa tochi ya simu, akashukuru kwa adabu, sidhani kama alikula.

Akatuambia tumfuate nyuma, yeye anayajua mashimo. Tukafika Mpika saa tatu na nusu usiku nyuma ya taa zake.

Guest house ya Mpika siitaji, haikuwa na maji, haikuwa na umeme, mashuka yalikuwa safi. Kwacha 300.

Jumamosi, 24 Agosti. Mpika – Shiwa Ng'andu

Asubuhi ziba tairi kwanza, kwacha 60, Mpika mafundi ni wengi kwa sababu ya makamio. Mpika barabara inagawanyika: kushoto Kasama, moja kwa moja Chinsali na Nakonde. Unachukua ya Chinsali, kilomita kama 90 hivi, halafu kibao upande wa kushoto, unaingia barabara ya udongo kilomita 13. Baridi! Mwezi wa 8 kule juu asubuhi unavaa koti, msije na vinguo vya Lubumbashi saa sita.

Kwanza unapita vinyumba vya matofali mekundu vilivyopangwa vizuri, vya wafanyakazi wa zamani, kuna shule, kuna zahanati. Halafu mikaratusi mirefu pande mbili, halafu geti lenye mnara na saa. Halafu juu ya kilima kidogo, nyumba. Mimi nilikuwa nimeona foto na bado nilinyamaza. Ni nyumba ya kitajiri ya Uingereza, ya matofali, ghorofa, mabaraza ya matao, imekaa katikati ya msitu wa miombo kana kwamba imepotea njia. Chini yake bustani inashuka kwa matuta na ngazi, bogenvilia, misunobari myembamba, mpaka macho yanafika ziwani.

Nyumba ni ya familia mpaka leo, si jumba la makumbusho la serikali, kwa hiyo kuingia ndani unaandika kabla na unazungushwa na kiongozi. Sisi tulikuwa tumeandika wiki mbili mbele. Bei waulizeni wenyewe, ya kuzunguka na ya kufanyia harusi, ya harusi inategemea idadi ya watu.

Gore-Browne alirudi mwaka 1920 baada ya vita. Reli ilikuwa inaishia mbali, Ndola ndiyo stesheni ya karibu, ni reli ile ile iliyofika Lubumbashi mwaka 1910. Kila kitu ambacho hakikuweza kutengenezwa pale kilitoka Ndola kwa vichwa vya wapagazi na kwa mitumbwi kupitia mabwawa ya Bangweulu. Njia tuliyolalamikia sisi jana ndani ya gari. Matofali na vigae vilichomwa pale pale. Shangazi yake wa Uingereza, mwanamke tajiri aliyekuwa na mume wake mwenye uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, alimsaidia na pesa. Nyumba kubwa ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Ndani kuna maktaba imejaa vitabu mpaka juu, picha za mababu, kanisa dogo, na juu ya mahali pa moto maneno ya Kilatini ya Horace, mshairi wa Roma, kwamba kona hii ya dunia inamchekea kuliko nyingine zote. Tantini aliangalia juu, akaangalia dari, akauliza swali moja tu: "Na benye kubeba balilipwa ngapi?" Kiongozi akacheka, akasema wageni wengi hawaulizi hilo, wanauliza vitabu ni vingapi.

Lakini alituambia bila kuficha. Mzee alikuwa mkali, hasira za ghafla, Babemba walimpa jina Chipembele, kifaru. Na huyo huyo akaingia baraza la kutunga sheria mwaka 1935, akasimama upande wa Waafrika wakati Wazungu wenzake wengi hawakutaka, baadaye akawa rafiki wa Kenneth Kaunda, ambaye alizaliwa Lubwa karibu na Chinsali, si mbali na pale. Alipokufa Agosti 1967 Zambia ilimzika kwa heshima za taifa na Kaunda mwenyewe ndiye aliyesema kaburini. Amezikwa kilimani juu ya ziwa. Mimi sijui niweke wapi mtu kama huyo na sina haraka ya kumweka.

Utajiri wa shamba ulikuwa ni machungwa na ndimu, hawakuuza matunda, walikamua mafuta ya maua na maganda ya kutengenezea manukato, yakipelekwa mpaka Ulaya. Halafu ugonjwa wa virusi ukaua miti. Kiongozi alituvunjia jani la mlimau mmoja karibu na ngazi, harufu ilikaa kwenye vidole vyangu mpaka jioni.

Sasa, bahati. Siku hiyo kulikuwa na harusi, bibi harusi wa Chinsali. Kwenye majani chini ya matuta walikuwa wanapanga viti vyeupe, wapambe wanajaribu hatua zao kwa spika ndogo, wasichana sita na vijana sita, Wazambia wanaingia harusini kwa kucheza na wanafanya mazoezi kama jeshi. Mama mmoja alikuwa anapigana na tao la maua. Upepo wa ziwani unaliangusha, analisimamisha, linaanguka, na kitambaa cheupe tayari kina alama ya udongo pembeni. Tantini hakuweza kuvumilia. Alivua viatu, akashika mguu wa tao, akamtuma papa watoto alete mawe manne, akayafunga kwa kitambaa chini ndani ndani kusionekane, akageuza upande mchafu ukaangalia nyuma. Basi, tukawa wa harusi.

Na ndiyo hapo tulipopata habari za kweli, si kwenye ile karatasi ya bei. Yule mama wa mapambo alituambia: hema, viti, wapishi, sahani, vyote vinatoka Mpika au Kasama, hesabuni kamyo. Wageni walale wapi, hilo ndilo tatizo, pale vyumba ni vichache, Kapishya, kwenye chemchemi ya maji moto jirani, kuna vingine, wengine wote ni mahema au kurudi Mpika na usiku, na barabara mliiona. Muziki msipige kama mko mjini. Simu inashika mahali pengine na pengine hapana, kwa hiyo mtu aliyepotea njia hamtamsikia. Na mwezi wa 1 mpaka wa 3 msithubutu, mvua, ile barabara ya udongo inakuwa kitu kingine. Mwezi wa 5 mpaka wa 8 ni mzuri, mwezi wa 10 joto.

Walifunga ndoa saa tisa, wageni kama themanini. Wapambe waliteremka ngazi za matuta wakicheza, mstari mmoja, wameinua vumbi kidogo, wazee wanapiga vigelegele, na nyuma yao bibi harusi polepole ameshikwa na baba yake. Nilimtumia mdogo wangu video usiku tulipopata mtandao. Alijibu alama za kulia kumi na mbili. Mimi niliwaza gharama.

Jumapili, 25 Agosti. Kapishya

Tulilala Kapishya, kilomita 20 zaidi magharibi kwa udongo, chemchemi ya maji moto kando ya mto Mansha, inaendeshwa na wajukuu wa yule mzee. Kwangu mimi hii ndiyo bustani yenyewe, sitaficha. Kule juu nyumba inakuangalia. Hapa hakuna anayekuangalia. Majani yamekatwa mpaka ukingoni mwa mto, maua yamepandwa bila kupigwa mstari, michikichi ya mwale imeinamia maji, na katikati kuna bwawa la maji ya moto ya asili, safi, chini mchanga, unaona mapovu yanatoka chini kwenye mchanga mmoja mmoja. Hayanuki kiberiti.

Saa kumi na mbili asubuhi mvuke umefunika kila kitu. Tantini alikuja na kikwembe amejifunga kifuani, akaingiza mguu, akautoa, akasema "haya maji mutu ameyapika," akaingia mpaka shingo na hatukumtoa mpaka saa mbili. Kijana wa kazi alimletea chai pale pale majini. Presidente.

Nilimwambia kitu ambacho kijana huyo alinionyesha na mkono. Mansha unatoka ziwani Shiwa, unapita hapa, unakwenda kuingia Chambeshi. Chambeshi unaingia Bangweulu, unatoka Luapula, unapita Mweru, unakuwa Luvua, unaingia Lualaba. Ni kwetu. Pale Kasumbalesa tuliacha maji ya Kongo nyuma, tukatembea nchi ya maji ya Zambezi, kumbe huku kaskazini tumerudi ndani ya Kongo bila pasipoti. Tantini alifikiria kidogo, akasema basi nikimwaga sabuni hapa itafika kwa dada yangu Ankoro. Nikamwambia itachukua muda. Akasema na dada yake yuko hivyo hivyo, haraka hana.

Mchana tulikula samaki na bukari, tukatembea kando ya mto. Kwa wenye watoto: mto wenyewe msiwaache wacheze, ulizeni kwanza wapi pana usalama, jina la ziwa la juu linamtaja mamba na si kwa mapambo. Kula na kulala si bei ya Mpika, sisi tulilala wawili chumbani na mmoja kwenye hema ili kupunguza, nadhani mnajua nani alilala kwenye hema, alikuwa ameendesha gari siku tatu.

Jumatatu na Jumanne, 26–27 Agosti. Kurudi

Njia ile ile, safari hii mchana. Tulilala Kapiri, tukavuka Kasumbalesa saa nane, masaa mawili tu kwa sababu sasa tulijua madirisha. Yule mama wa samaki tulimtafuta kwa macho, hatukumwona.

Hesabu na komite

Watu watatu, gari moja, tulitumia kama dola 640: esansi karibu dola 240, mpaka na ushuru wote kwenda na kurudi kama 110, kulala 170 (Kapishya ndiyo ilikula nyingi), kilichobaki ni chakula, tairi, na manunuzi ya Tantini ambayo yeye anasema si matumizi ni zawadi.

Komite ilikaa Jumapili iliyofuata kwetu Kamalondo. Nilisema wazi: harusi ya Kilushois (ya Lubumbashi) ya watu mia nne haiwezi kwenda Shiwa. Utabeba watu kwa basi siku mbili, nusu watakwama Kasumbalesa kwa kukosa karatasi, orkesta itataka pesa ya siku nne, na bibi zetu hamwezi kuwalaza kwenye mahema mwezi wa 7 na baridi ile. Mjomba mmoja akauliza kama hakuna ndege. Kuna kiwanja kidogo cha ndege pale shambani. Nikamwambia akitoa pesa ya ndege mimi nafunga mjadala. Akanywa maji.

Tulichokubaliana: dote (mahari) na ndoa ya kanisa vinafanyika Lubumbashi, ukumbi hapa hapa, watu wote wale na wacheze. Halafu wiki inayofuata, mwezi wa 6, baraka ndogo kando ya mto Kapishya na foto kwenye ngazi za Shiwa, watu 30 tu, kumi na tano kutoka kila upande, na upande wa Kasama wamekubali kubeba hema na sahani. Bibi harusi mwenyewe alisema hilo ndilo alilotaka tangu mwanzo ila hakuna aliyemuuliza.

Orodha ya hao kumi na tano wa kwetu alipewa Tantini aiandike. Jana usiku alikuwa amefika arobaini na mmoja, na bado hajaweka jina la papa watoto.